Jaketi la Mjomba

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeinamia pampu ya mtu, mafuta hadi viwikoni, kama nilivyokuacha. Huku mimi mzima. Ningekupigia simu, lakini najua sikio lako na simu havipatani, na kuhusu ujumbe mfupi ulishaniambia kwamba huko si kuongea, ni kupiga chafya. Kwa hiyo kaa kitako nikusimulie.

Unajua miaka sita yote niliyokaa maabara ya idara ya maji nimekuwa nikiletewa maji kwenye chupa. Nayapima, naandika, nayamwaga. Sasa mkuu wetu wa kitengo ameamua tuwe na wapiga mbizi wetu wenyewe, watu wawili, wa kushuka kwenye bwawa la mji kukagua vyuma vya chujio pale bomba kuu linapoanzia, na kuchota tope la chini. Wale wa kukodi wakiitwa leo wanakuja mwezi ujao. Aliuliza nani anajua kuogelea. Mkono wangu ukanyanyuka kabla sijaushauri. Labda ni damu yako, Mjomba.

Mafunzo yameanza. Mwalimu wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora, tunamwita Kocha. Jumatano tuko bwawa la kuogelea la shule, Jumamosi tuko nje ya mji kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji. Mitungi, miwani na mapezi tunapewa. Lakini jaketi la kuzamia, lile la kuingiza na kutoa hewa ili mtu asizame kama jiwe wala asielee kama kizibo, Kocha anataka kila mmoja awe na lake, alizoee kama viatu vyake, kabla ya mtihani wa tarehe 5 Aprili. Idara italilipia.

Hapo ndipo nilipokwama. Dukani kuna yanayojaa hewa pande zote kama vesti, na kuna mengine hewa inajaa mgongoni tu. Mwenye duka anayasifu yote kama wanawe. Wewe umezamia bandarini miaka ishirini na miwili, ukichomelea meli chini ya maji. Nichague lipi?

Mpwa wako,
Kibiriti


13 Februari

Kibiriti,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mkaza mjomba wako akisikiliza huku anashona. Alipiga kigelegele pale pale kwenye cherehani, sindano ikakata uzi.

Sikujua kama nina mrithi. Hawa wanangu wanaogopa hata beseni.

Nakutumia kifurushi. Ndani yake kuna jaketi langu, ndilo la mwisho nililovaa kazini. Limekaa kabatini miaka kumi na minne, imetosha. Na wewe usilifungie. Lionekane, watu wajue umetoka kwa nani.

Habari ya kuchagua ni ndefu, na hapa mlangoni kuna mtu amekuja na pampu yake na hasira zake. Tutaongea.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Nilipokifungua chumba kizima kilinuka bandari. Nilikaa kitandani nikakipakata kama mtoto. Hao binamu zangu wakisikia umenipa mimi si watanichukia?

Jaketi lenyewe linanikaa kama nimeshonewa. Leo nimezama nalo bwawani shuleni kwa mara ya kwanza. Wenzangu wote na majaketi yao mapya yanayong'aa, mimi na hili la mtu aliyefanya kazi kweli. Kila mtu aliuliza. Nilijibu, "La mjomba wangu," nikaona kifua kimepanuka chenyewe.

Usiwe na wasiwasi tena na habari za dukani. Nimeshapata.

Mpwa wako,
Kibiriti


5 Machi

Kibiriti,

Nimepata barua. Nimefurahi kwamba umefurahi.

Umesema umelivaa majini. Sawa. Vizuri. Huyo Kocha amelitazama? Mwambie alitazame.

Huku mvua ni nyingi, kazi ni nyingi. Mkaza mjomba wako anakusalimu.

Mjomba wako


14 Machi

Mkaza mjomba wangu mpenzi, shikamoo.

Nakuandikia wewe, si Mjomba, na nakuomba kwa haki ya maziwa uliyonyonya, asiione barua hii.

Nilimdanganya. Jaketi halinikai. Mjomba ni mtu wa mabega. Mimi hata sare ya shule ulikuwa ukinipunguzia wewe mwenyewe. Likijaa hewa linapanda hadi masikioni, kidevu kinazama ndani kama kobe. Kocha alipoliona alisema hili ni la bwawa la shule tu, tena sehemu ya kina kifupi, nitafute la kwangu. Sikutafuta. Ningemwambia nini Mjomba? Kwamba kitu alichokivaa miaka yote, akawaruka wanawe akanipa mimi, nimekiona hakifai? Basi tulipokwenda machimboni nikamwambia Kocha kwamba fundi amelikagua na kulipitisha. Huo uongo wa pili.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mita tisa chini. Nilibonyeza kitufe cha kuingiza hewa, kidogo tu, kama tulivyofundishwa. Nikaachia. Hewa ikaendelea kuingia. Kitufe kilikuwa kimenasa. Jaketi likavimba, likanibana mbavu, nikaanza kupanda. La kufanya nilikuwa nalijua, tumelifanya mara kumi: chomoa mpira unaoleta hewa, vuta kamba ya kuitoa. Kichwa kilijua, vidole havikujua. Kocha alinidaka pezi, likamponyoka mkononi. Kitu kimoja tu nilikikumbuka, usizuie pumzi. Nikapiga ukelele njia nzima hadi juu, na ukelele huo ndio ulioniokoa mapafu. Nilichomoka majini pua inatoka damu.

Daktari amenipima, amesema niko salama, nilipasuka mshipa mdogo wa pua basi. Usilie. Kocha alikifungua kile kitufe mbele yangu. Ndani chumvi imeganda na mpira umeoza. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza.

Lakini Mama, tangu siku hiyo siwezi. Jumatano nilisimama ukingoni mwa bwawa la shule, maji ya kifuani tu, watoto wa darasa la tatu wanaogelea humo, miguu ikakataa. Nikasema nina mafua. Mtihani umebaki wiki tatu, nikishindwa nafasi anapewa mwingine, nami nilijipigia debe ofisi nzima.

Nishauri. Nimwambieje Mjomba bila kumvunja moyo?

Mwanao,
Kibiriti


20 Machi

Mwanangu Kibiriti,

Kwanza pole. Pili, ungekuwa karibu ningekufinya sikio mpaka liwe kama la mjomba wako. Tatu, nilipomaliza kulia nilicheka hadi mteja aliyekuja kupima mapazia akarudi nyuma hatua mbili.

Sikucheka ajali, Mungu apishe mbali. Niliwacheka ninyi wawili. Sikia.

Tangu siku ile ulipoandika kwamba unazama na lile jaketi, huyu mzee hali, halali. Anaikaza skurubu moja asubuhi, jioni anailegeza, kesho anaikaza tena. Nikambana. Akasema atanieleza nikiapa kwamba sitakuambia. Nikaapa. Mwanangu, jaketi lile alikusudia ulitundike ukutani! Kama watu wanavyotundika vyeti na picha za harusi. Haikumpitia akilini kwamba mtu mwenye akili timamu, tena wa maabara, angelivaa.

Nikamwambia mwandikie basi, mwambie asilivae. Ameandika barua tatu na zote amezichana. "Mtoto amefurahi namna ile," anasema, "nitamwambiaje kwamba nimempa kitu kibovu? Ataona nimetoa kwa mkono huu nikapokonya kwa huu." Yeye huku anaogopa kukuvunja moyo, wewe huko unaogopa kumvunja moyo, kidogo mvunjane shingo.

Mficha uchi hazai. Nimevunja siri yako, na sasa umeona nimevunja na ya kwake. Jana mchana niliiweka barua yako juu ya meza yake ya kazi, nikasimama mlangoni asipate pa kutokea. Aliisoma amesimama. Alipofika pale pa damu akapapasa kiti. Alipomaliza akaniuliza, "Yuko hai?" Nikamwambia, "Mzee, maiti haiandiki kurasa nne." Akacheka, kisha akalia, na mimi nikarudi kwenye cherehani kwa sababu mapazia ya hospitali yanatakiwa Jumatatu na yeye hapendi kutazamwa.

Sasa hivi anakuandikia. Namsikia kupitia ukuta, kalamu inakwaruza kama kuku. Hii hataichana, bahasha ninayo mimi.

Mkaza mjomba wako


20 Machi

Kibiriti mwanangu,

Nisamehe. Natengeneza pampu, kila siku ya Mungu nashika mipira iliyooza. Najua miaka kumi na minne inaufanya nini mpira. Siku ile uliponiandikia nilipaswa kukujibu neno moja: Vua. Badala yake nikakueleza habari za mvua.

Kuna jambo lingine, na hili mkaza mjomba wako mwenyewe amelijua leo. Watu wote wanajua kwamba niliacha kuzamia kwa sababu ya sikio. Sikio ni bovu kweli. Lakini lilikuwa bovu miaka mitatu kabla, na nilikuwa nazama nalo hivyo hivyo. Niliacha kwa woga. Siku moja chini ya meli, maji meusi huoni kiganja chako, kamba ilinizunguka mguu. Nilijifungua mwenyewe, labda dakika mbili. Nikapanda, nikanywa chai, nikataniana na wenzangu. Kesho yake sikuweza kuvaa. Nikasema sikio. Daktari akalichungulia, akakubali ni bovu, uongo wangu ukapigwa muhuri.

Ningemwambia mtu mmoja tu siku ile, labda wiki iliyofuata ningekuwa nimerudi majini. Sijui. Lakini wewe usiseme mafua. Nenda kwa Kocha umwambie: naogopa. Kama ni mwalimu kweli atajua pa kuanzia.

Sasa jaketi, kwa sababu uliniuliza mwezi wa pili na sikukujibu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na wewe uundwe vizuri. Usilitazame jaketi, livae, tena juu ya nguo zako za kuzamia, si juu ya blauzi ya kazini. Mwambie mwenye duka alijaze hewa mpaka liiteme lenyewe, halafu uvute pumzi ndefu. Likikubana mbavu, vua. Mtu akushike mabegani alivute juu, na likipanda masikioni, hilo unalijua zaidi yangu. Fumba macho utafute kitufe cha kuingizia hewa na cha kutolea, na kamba ya begani na ya chini mgongoni. Chomoa mpira ukiwa umefumba. Ukipapasa, si lako hilo, au bado si lako.

Kuhusu aina, la mgongoni ni tamu ukiwa chini, unalala sawa kama samaki, ila ukifika juu ukalijaza kupita kiasi linakusukuma kifudifudi. La pande zote linakusimamisha wima, kichwa nje. Mwanafunzi aliyepata mshtuko, mimi ningempa la pande zote. Wala usidanganyike na ukubwa. Kubwa hubeba hewa nyingi, na hewa nyingi ndiyo iliyokurusha.

Lakini haya mambo hayaishi kwa barua. Nakuja. Nitafika tarehe thelathini, niandalie mkeka, mgongo wangu haupendi magodoro yenu laini.

Mjomba wako


6 Aprili

Mama watoto,

Nilifika salama, na vile ulivyonifungia vya njiani niliviangamiza kabla gari halijaumaliza mji. Nyumba ya Kibiriti ni chumba kimoja na sebule, safi, vitabu hadi jikoni. Jambo la kwanza nililofanya ni kupiga msumari sebuleni na kulitundika jaketi langu. Kitufe nimeking'oa, mtu mwingine asije akapata wazo.

Kesho yake tulikwenda dukani. Mwenye duka akaleta kwanza lile kubwa kuliko yote, mikanda kama ya punda. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu anakwenda kukagua chujio, si kuinua meli iliyozama." Akaleta madogo. Kibiriti akavaa manne, moja baada ya lingine, amefumba macho katikati ya duka, anapapasa, wateja wanamzunguka kama nguzo. Mawili yakabaki, la pande zote na la mgongoni. Kocha akaongea na mwenye duka akatuazima yote mawili tukayajaribu kwenye maji.

Huyu Kocha ungempenda. Anaongea hata mimi namsikia. Kibiriti alikuwa ameshamwambia ukweli wote, uongo wa fundi pamoja na woga. Unajua alijibu nini? "Vizuri. Wasioogopa ndio wanaonipa mvi." Basi jioni tatu mfululizo walikaa maji ya kifuani, hawafanyi chochote ila kuchomoa mpira na kuuchomeka. Alianza amesimama, akaja akapiga magoti, akaja akaelea. Nilihesabu hadi thelathini nikachoka. Jumatano akazama, akakaa chini huko, akatoka anacheka.

Halafu akachagua la mgongoni. Nikamwambia, "Nilikuandikia la pande zote." Akasema, "Hapana, Mjomba. Nimelijaribu. Likijaa linanishika kifuani, na nikishikwa kifuani naiona ile siku. Hili linaniacha mbavu huru. Hiyo ya kifudifudi nimeshaijua, natia hewa kidogo naegemea nyuma." Akanionyesha, na kweli akaegemea. Mke wangu, mtoto huyu nina miaka thelathini na mitatu naye, na sijawahi kumsikia akiniambia hapana. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Rangi yake lakini ni mbaya, kama sufuria iliyoungua.

Jana ndiyo siku ya mtihani. Nilikaa juu ya jiwe pale machimboni. Walishuka, nikabaki na mapovu. Mapovu yakisogea, moyo unasogea. Kisha yakasimama sehemu moja, yanapanda pale pale, pale pale, nikajua amesimama katikati ya maji, hazami wala haelei. Niliiangalia saa yangu nikaona ni mbovu. Nikaitikisa. Haikuwa mbovu.

Akapanda polepole, kawia ufike, mkono mmoja juu kama walivyofundishwa, kichwa kikatoka, akaegemea nyuma, akapiga ishara ya salama. Nilitaka kusimama nikakuta miguu imekufa ganzi. Amefaulu, mama watoto. Wote wawili wa idara wamefaulu.

Kocha akaniuliza kama nataka kuingia kidogo, pale pa kina kifupi, bila mtungi. Nikasema, "Sikio." Kibiriti akanitazama tu. Nikasema, "Haya, ni woga." Wakacheka hadi mwangwi ukarudi kutoka kwenye mawe. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia hadi magotini. Maji ni baridi vibaya sana. Nilikaa humo mpaka waliponiambia chai imepoa.

Narudi Jumatano. Huyo mwenye pampu ya kijani mwambie asubiri.

Mumeo


24 Aprili

Wazee wangu wawili, shikamooni.

Jana nimezama kwa mara ya kwanza kikazi. Asubuhi na mapema, mimi na mwenzangu na Kocha, mashua ya idara, na mkuu wa kitengo amesimama ukingoni na mwavuli ingawa hakukuwa na mvua wala jua. Usiku wa kuamkia jana nililala, Mjomba, ukitaka kujua. Nilikula hata asubuhi.

Kule chini ni mita kumi na moja na maji ni rangi ya chai ya maziwa. Chujio limezibwa na majani, mifuko ya plastiki, tairi moja na kiti kizima cha ofisi ambacho tunadhani ni chetu. Nilianza na majani. Yamejisuka kwenye vyuma kama nywele kwenye kitana, inabidi uyavute kwa mikono miwili, kidogo kidogo, la sivyo unajisogeza wewe badala ya kuyasogeza yenyewe. Nilisafisha upande wa kushoto wote. Nikachota tope chupa tatu. Chupa ya pili kifuniko kiliniponyoka, nikakifuata kikizama, nikakidaka, nikarudi pale pale nilipokuwa. Samaki mmoja mdogo alikuja akakaa karibu na mkono wangu akila yale niliyokuwa nayang'oa, na hakuondoka hadi nilipomaliza.

Kocha alipotugusa bega kutuambia muda umekwisha, nilidhani ametukatisha.

Tulipofika kwenye mashua, kabla sijavua hata miwani, akaniuliza, "Haya, niambie. Jaketi lilikuwaje huko chini?"

Nilivua miwani kwanza. Nikamwambia, "Sijui, Kocha. Nilisahau kuliangalia."

Mwanenu,
Kibiriti